JUA, CHUPA NA NENO: SOMO KUTOKA KAJIADO

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu mlezi wa chama alitutaka tuandike makala yanayounganisha lugha yetu na masomo mengine, kwani wako wenzetu wanaodhani kwamba Kiswahili ni cha methali na mashairi tu, na sayansi ni mali ya Kiingereza. Mimi nimechagua jambo lililofanyika hapa hapa kwetu Kajiado, likaandikwa katika majarida makubwa ya matibabu ulimwenguni, lakini ukiwauliza wanafunzi kumi wa Kitengela, pengine hata mmoja hajalisikia. Jambo lenyewe ni utafiti wa kuua vijidudu vya maji kwa kutumia chupa ya plastiki na jua.

Utaniuliza, sasa hayo yanahusu nini chama cha Kiswahili? Nivumilie kidogo. Utaona kwamba jua lilifanya kazi yake, chupa ikafanya yake, lakini kazi kubwa zaidi ilikuwa ya mazungumzo kati ya watu.

1. MAJI SAFI NA MAJI SALAMA

Tuanze na maneno mawili ambayo sisi huyachanganya kila siku: safi na salama. Maji safi ni yale ambayo macho yanayaona hayana takataka. Maji salama ni yale ambayo ukiyanywa hayakudhuru. Mambo haya mawili si ndugu wa damu. Maji yanaweza kung'aa kama kioo na bado yawe na vijidudu vya kipindupindu. Wahenga walisema, si vyote ving'aavyo ni dhahabu.

Hapa Kitengela jambo hili linatugusa. Mji wetu umekua haraka mno. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kitengela peke yake ilikuwa na watu zaidi ya 150,000, na kaunti yote ya Kajiado ilikuwa na watu 1,117,840. Mabomba hayakukua kwa mwendo huo. Wengi wetu tunanunua maji kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa mwenye mkokoteni, au tunasubiri lori la maji, au tunachota kisimani maji yenye chumvi. Ukitoka mjini ukaelekea upande wa malisho, kuna familia zinazotumia maji ya mabwawa na ya mito ya msimu, ambayo mifugo nayo inayanywa. Mtungi mmoja hupita mikono mingi kabla ya kufika kwenye kikombe cha mtoto. Nani amejua uliosha mkono wa nani?

Dawa inayojulikana ni kuchemsha. Ni dawa nzuri kabisa. Lakini kuchemsha kunataka kuni, mkaa au gesi, na vitu hivyo vinataka pesa au miguu. Mama ambaye anahesabu mkaa wa kupikia ugali hawezi kirahisi kuongeza mkaa wa kuchemshia maji ya kunywa ya watu saba. Hapo ndipo jua linapoingia, kwa sababu jua la Kajiado halina bei.

2. JUA LINAUAJE VIJIDUDU?

Kwamba jua linaua vijidudu si habari mpya. Mwaka 1877 Waingereza wawili, Arthur Downes na Thomas Blunt, walionyesha kwamba mwanga wa jua unazuia bakteria kukua. Miaka zaidi ya mia moja ikapita. Mnamo 1980 Aftim Acra na wenzake wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, nchini Lebanoni, walieleza namna ya kutumia jua kusafisha maji ya chumvi na sukari wanayopewa watoto wanaoharisha. Wao waliona kwamba mtoto anaharisha kwa sababu ya maji mabaya, kisha dawa yake nayo inachanganywa na maji yale yale mabaya. Basi wakayaweka juani kwanza.

Jua hutumia silaha mbili. Ya kwanza ni miali ambayo macho yetu hayaioni, inayoitwa miali ya urujuanimno. Sehemu ya miali hiyo hupenya plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, ikaingia ndani ya maji, ikaharibu mwili wa kijidudu na ile kanda ya urithi inayokiwezesha kuzaana. Kijidudu kisichoweza kuzaana hakiwezi kukuletea ugonjwa. Silaha ya pili ni joto. Maji yakifika nyuzi 45 za Selsiasi na kuendelea, miali na joto husaidiana, na kazi inakwenda haraka kuliko kila moja ikifanya peke yake. Ni kama watu wawili kusukuma gari lililokwama kwenye tope.

Msomaji aangalie hapa: plastiki yenyewe haiui kitu. Ziko mata zinazoua vijidudu zenyewe, kwa mfano shaba. Bakteria akikaa juu ya shaba kwa muda hufa, ndiyo maana mwaka 2008 serikali ya Marekani iliruhusu aina fulani za shaba ziuzwe kwa maelezo kwamba zinaua bakteria. Lakini shaba ni ghali. Chupa ya plastiki kazi yake ni kuwa dirisha tu: inalipa jua nafasi liingie, na inawazuia vijidudu wapya wasiingie. Nguvu inatoka juu.

3. UTAFITI ULIOFANYWA KAJIADO

Katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Ayalandi, kilichoko Dublin, walianza kazi hii. Mmoja wao alikuwa Kevin McGuigan, ambaye ni mtaalamu wa fizikia. Mwingine alikuwa Ronán Conroy, mtaalamu wa takwimu za afya. Fikiria, mtu wa fizikia na mtu wa hesabu, si daktari wa kudunga sindano.

Kwanza walijaribu katika maabara. Waliuliza: chupa ya lita 2 ikiachwa katika jua kali la Kenya, maji yanapata joto kiasi gani? Jibu lilikuwa hadi nyuzi 55. Basi wakachukua maji yenye bakteria wa kinyesi kama milioni 2 katika kila mililita moja, wakayapasha kwa kufuata joto lile lile la chupa ya Kenya. Katika muda wa saa 7 bakteria wote walikuwa wamekufa. Wakasubiri saa nyingine 12 waone kama wapo watakaofufuka. Hakufufuka hata mmoja. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996.

Lakini maabara si boma. Mwaka huo huo wa 1996, jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha jaribio lililofanywa kwa watoto wa Kimaasai wa Kajiado. Walikuwa watoto 206, wa umri wa miaka 5 hadi 16. Wote walipewa chupa za plastiki. Nyumba za kundi moja ziliambiwa ziweke chupa juu ya paa, zipate jua. Nyumba za kundi la pili ziliambiwa ziweke chupa ndani ya nyumba. Unaona ujanja wa mtaalamu? Kama angewapa kundi moja tu chupa, mtu angesema labda chupa mpya ndiyo iliyosaidia. Sasa tofauti ilibaki moja tu, nayo ni jua.

Jaribio lilichukua wiki 12, na kila baada ya wiki mbili iliulizwa kama mtoto ameharisha. Kwa hiyo kila mtoto alikuwa na vipindi 6 vya kuulizwa. Matokeo yalikuwa hivi:

(a) Watoto 108 wa kundi la jua waliharisha katika vipindi 4.1 kwa wastani.
(b) Watoto 98 wa kundi la pili waliharisha katika vipindi 4.5 kwa wastani.
(c) Kuharisha kukali, kule kwa kumfanya mtoto ashindwe na kazi zake, kulikuwa vipindi 1.7 kwa kundi la jua na 2.3 kwa kundi la pili.

Mwenzangu mmoja darasani alipoziona hesabu hizi alicheka akasema, "Ati ni hiyo tu? 4.1 na 4.5?" Mimi namjibu hapa kwa maandishi. Kwanza, soma tena hizo namba. Kati ya vipindi 6, watoto hawa wote walikuwa wakiharisha zaidi ya vipindi 4! Hiyo peke yake ni habari ya kusikitisha, na inatuonyesha maisha yalivyokuwa. Pili, mtoto haharishi kwa maji ya chupa pekee. Kuna mikono, kuna nzi, kuna maji anayokunywa akiwa malishoni. Chupa haiwezi kuzuia yote. Lakini ile ya kuharisha kukali ilishuka kwa robo nzima, na bei yake ilikuwa chupa na jua.

Baadaye wakafanya jaribio jingine Kajiado kwa watoto wadogo zaidi, wa chini ya miaka 6. Walikuwa watoto 349, na walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Katika kundi la jua, kwa kila wiki mbili, watoto 48.8 kwa mia waliharisha. Katika kundi la pili walikuwa 58.1 kwa mia.

4. KIPINDUPINDU KILIPOBISHA HODI

Jambo ambalo lilinifanya niandike makala haya ni hili linalofuata. Baada ya jaribio la watoto wadogo kumalizika, kipindupindu kiliingia katika eneo lile lile. Watafiti walirudi kuuliza nyumba kwa nyumba. Wakati huo familia nyingine zilikuwa zimekwisha hama. Waliobaki walihesabiwa, na habari ikachapishwa mwaka 2001.

Katika watoto 155 wa chini ya miaka 6 waliokuwa katika nyumba za chupa za jua, waliougua kipindupindu walikuwa 3. Katika watoto 144 wa nyumba nyingine, waliougua walikuwa 20.

Tafadhali usipite haraka. 3 na 20. Kipindupindu kinaweza kummaliza mtoto kwa muda wa saa chache, kwa kumtoa maji yote mwilini. Ukiigeuza hesabu hiyo kwa asilimia, ni kama 2 kwa mia dhidi ya 14 kwa mia. Kama ile nyumba ya mabati ni yenu, na yule mtoto anayetambaa sakafuni ni mdogo wako, hesabu hiyo si ya mtihani tena.

Lakini kuna jambo la ajabu: kwa watu wazima na watoto wakubwa haikuonekana tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Kwa nini? Mimi nafikiri ni kwa sababu mtoto mdogo hunywa nyumbani alikopikiwa maji ya chupa. Mtu mzima huenda sokoni, huenda na ng'ombe mbali, hunywa anapopata. Chupa iliyoko kwenye paa haimfuati. Basi hapa tunaona kwamba dawa ni ile inayotumiwa. Ile iliyoachwa nyumbani si dawa.

5. CHUPA BILA MANENO

Sasa tufike kwenye Kiswahili chetu. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya jaribio jingine, lililofanywa Bolivia, Amerika ya Kusini, katika vijiji 22. Njia ilikuwa ile ile: chupa, maji, jua. Lakini huko hayakupatikana mafanikio ya kuonekana wazi. Je, jua la Bolivia ni baya? La hasha. Walipochunguza waliona kwamba waliokuwa wakitumia chupa kweli kweli walikuwa kama 32 kwa mia tu. Chupa walipewa, mafunzo walipewa, lakini chupa hazikupanda paani.

Linganisha na jaribio lililofanywa baadaye Nakuru, hapa Kenya, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Huko zilikuwa nyumba zaidi ya 700 zenye watoto wa chini ya miaka 5. Wazazi walipewa daftari la picha la kuwekea kumbukumbu za kuharisha, ili hata asiyejua kusoma aweze kuweka alama yake. Siku za kuharisha damu zilipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Angalia ile daftari ya picha. Mtafiti hakusema, "Hawa hawajui kusoma, basi tuwaandikie sisi." Alitafuta lugha ambayo mama anaijua, nayo ni picha.

Na kati ya 2016 na 2020, McGuigan na wenzake walifanya mradi mwingine uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, uliofika Ethiopia, Malawi na Uganda. Safari hii wataalamu wa jamii waliingia tangu mwanzo, wakakaa na wanakijiji katika mikutano ya mazungumzo, wakauliza: nyinyi mnataka chombo cha namna gani? Watu wa sehemu nyingine walitaka chombo kikubwa, si chupa ndogo ndogo, na hivyo yakajaribiwa majerikeni yanayopitisha mwanga. Wataalamu walijifunza kwamba anayechota maji ndiye profesa wa maji.

6. NAMNA YA KUMWELEZA MTU

Sisi wanafunzi tukienda likizo nyumbani tunapenda kusema, "Maji yenu yana bakteria!" Halafu tunashangaa mbona hakuna anayesikia. Kwanza, neno bakteria kwa mtu ambaye hakulisoma ni sauti tu. Pili, kumwambia mzee kwamba maji yake ni machafu ni kumwambia kwamba yeye ni mchafu, na hiyo ni kukosa adabu. Nimetunga mazungumzo mafupi yaonyeshe njia nyingine. Ni ya kubuni, lakini naamini yanaweza kutokea katika boma lolote la upande wetu.

MJUKUU: (Anainamisha kichwa, Nyanya anamgusa utosini.) Nyanya, nimefika.

NYANYA: Karibu mjukuu wangu. Shule ni salama?

MJUKUU: Salama, Nyanya. Nimekuletea chupa hizi.

NYANYA: Chupa tupu? Wajukuu wa wenzangu huleta sukari na majani chai.

MJUKUU: Sukari imo mfukoni, Nyanya, sijasahau. Lakini nina swali. Kibuyu cha maziwa unakisafisha na nini?

NYANYA: Si na kijinga cha moto cha oloirien! Kwani huko Kitengela mmesahau hata hilo?

MJUKUU: Sijasahau. Nataka kujua kwa nini.

NYANYA: Ili maziwa yakae, yasioze, na yanukie vizuri.

MJUKUU: Na hicho kinachoozesha maziwa umewahi kukiona kwa macho?

NYANYA: Sijakiona. Naona maziwa yameharibika tu, najua kimepita.

MJUKUU: Basi na katika maji kuna kitu kama hicho, hakionekani. Tunakijua kimepita tunapoona mtoto anaharisha. Kibuyu umekifukiza kwa moto. Chupa nayo tunaifukiza kwa jua.

NYANYA: Mmh. Na maji yakitoka juani ni ya moto. Maji ya moto hayakati kiu.

MJUKUU: Kweli, Nyanya. Ukiyatoa jioni uyaweke ndani, asubuhi yatakuwa baridi. Leo tunakunywa ya jana, na ya leo yanangoja kesho.

NYANYA: Na majirani watasema nini wakiona naanika chupa juu ya paa? Watasema mzee amerukwa na akili.

MJUKUU: Basi tuwaite waone, wewe ndiye uwaeleze. Mimi ni mtoto, hawatanisikia.

NYANYA: Hapo umesema. Lete hizo chupa. Na sukari.

Msomaji, mjukuu huyu amefanya mambo manne. Alianza na jambo ambalo Nyanya analijua vizuri kumshinda, yaani kibuyu na ule mti wa oloirien, ambao ni mzeituni wa mwituni. Alisikiliza vikwazo vyote viwili, cha maji ya moto na cha aibu ya majirani, bila kuvicheka. Hakusema hata mara moja kwamba maji ni machafu. Na mwisho alimwachia Nyanya awe mwalimu wa wengine, kwa sababu maneno ya mzee yana uzito katika boma. Huo ndio mawasiliano. Bila hayo, elimu yote ya Dublin ingebaki ndani ya chupa.

Wamaasai wenyewe husema enkare kwa maji na enkolong kwa jua. Jina la Nairobi lilitokana na maneno ya Kimaasai ya maji baridi. Kama mji mkuu wetu uliitwa kwa sababu ya maji, basi hatukosei kulifanya jambo la maji kuwa somo la lugha.

7. HATUA ZA KUFUATA

Kwa yule ambaye angependa kujaribu nyumbani, hatua ni hizi:

(i) Chukua chupa ya plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, ya lita 2 au chini yake. Chupa ya kijani au ya kahawia haifai. Iliyokwaruzika sana pia haifai. Usitumie kamwe chupa iliyokuwa na dawa ya ng'ombe au ya mimea.

(ii) Ondoa karatasi ya jina, osha chupa na kifuniko chake kwa sabuni.

(iii) Pima maji kama yanapitisha mwanga. Simamisha chupa iliyojaa juu ya ukurasa wa Taifa Leo, uchungulie kutoka mdomoni hadi chini. Kama unaweza kusoma kichwa kikubwa cha habari, endelea. Kama huwezi, yaache maji yatuame kwanza au yachuje kwa kitambaa safi.

(iv) Ijaze, funga, kisha ilaze juu ya mabati. Ilale, isisimame, ili jua lipate sehemu kubwa.

(v) Iache kwa saa 6 mfululizo ikiwa jua ni zuri, kuanzia asubuhi. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, iache siku mbili. Siku za mvua ya kutwa njia hii haifai, rudi kwenye kuchemsha au dawa ya klorini.

(vi) Kunywa kutoka kwenye chupa ile ile au mimina kwenye kikombe kilichooshwa. Ukiyamimina kwenye ndoo ambayo kila mtu anatumbukiza kata, umeanza upya.

8. MIPAKA YAKE

Mwandishi mkweli hataji sifa tu. Jua halitoi chumvi. Maji ya kisima yenye chumvi ya Kitengela yatatoka juani na chumvi yake yote. Pia halitoi madini ya floridi, ambayo yamo kwa wingi katika baadhi ya visima vya Kajiado na ndiyo yanayofanya meno ya watu yawe ya kahawia. Halitoi sumu za viwandani. Linaua vijidudu tu, na hata hapo kuna vingine sugu vinavyotaka muda mrefu zaidi. Tena haliondoi haja ya choo, ya sabuni na ya kuchemsha maziwa. Hata kile kibuyu kilichofukizwa vizuri hakizuii ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe usimfikie mtu, kwa hiyo maziwa yachemshwe.

Na kubwa zaidi: chupa juu ya paa si badala ya bomba. Watu wasije wakatuambia, "Nyinyi mna jua, mabomba ya nini?" Maji salama ya bomba ni haki, na katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Wameandika yote mawili, safi na salama. Waandishi wa katiba walijua tofauti tuliyoanza nayo. Chupa ni ya leo na kesho, huku tukiendelea kudai bomba.

HITIMISHO

Wenzangu, sayansi inaweza kusemwa kwa Kiswahili, na kwa Kimaasai, na kwa Kikamba, na kwa lugha yoyote ambayo mama anamwitia mtoto wake aje kunywa maji. Ni lazima isemwe hivyo, la sivyo haifiki. Wale watoto 155 wa Kajiado hawakukingwa na jarida la Lancet. Walikingwa na mtu aliyepanda kila asubuhi kuweka chupa juu ya paa kwa sababu alielezwa akaelewa, akaona inafaa. Walimu wetu wa fizikia, kemia na bayolojia, nawaomba mtuvumilie tukiuliza, "Mwalimu, hilo kwa Kiswahili tuliiteje?" Hatupotezi wakati wa somo. Tunatafuta njia ya kulifikisha nyumbani. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga huanza na neno linaloeleweka.

MSAMIATI

Boma: makao ya familia pamoja na mifugo yao.
Kijinga: kipande cha ukuni kinachowaka.
Kufukiza: kutia moshi kwenye chombo.
Kutuama: (maji) kutulia hadi taka zishuke chini.
Mata: kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi.
Miali ya urujuanimno: miali ya jua isiyoonekana kwa macho.

MASWALI

1. Eleza tofauti kati ya maji safi na maji salama. Toa mfano mmoja wa kila moja kutoka mtaani kwenu.
2. Kwa nini kundi la pili katika jaribio la 1996 nalo lilipewa chupa?
3. Watoto 3 kati ya 155 na watoto 20 kati ya 144 waliugua kipindupindu. Kokotoa asilimia za makundi yote mawili, kisha ueleze maana yake kwa maneno ambayo mtu asiyejua asilimia ataelewa.
4. Taja vikwazo viwili vya Nyanya. Kama wewe ungekuwa mjukuu, ungevijibu vipi?
5. Insha: Andika mazungumzo kati yako na mwuza maji wa mkokoteni, ukimshawishi aoshe mitungi yake bila kumkosea heshima.